Moshi Uliokuwa na Kazi

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Kondoa, na nina ugonjwa wa walimu wengi wa kemia: nikishajua kitu kimeundwa na nini, najiona nimekijua chote. Moshi nilikuwa naujua. Siku moja niliwachorea wanafunzi wa klabu ya mazingira gesi zake ubaoni, nikawaambia uchafuzi wa hewa si habari ya viwanda vya mbali. Uko jikoni kwa mama zetu, tuanzie huko.

Tulianzia kwa mama mkubwa wangu, karibu na Kolo. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na kwa miaka mingi amekuwa akikohoa hata katikati ya salamu. Nilimwogopea sana. Daktari alikwishamwambia aepuke moshi, naye akamuuliza daktari apikie nini.

Jiko jipya walilijenga wanafunzi wenyewe, likizo ya mwezi wa sita. Walichanganya udongo wa kichuguu na majivu na nyasi zilizokatwakatwa, wakaliwekea sehemu mbili za sufuria, wakatoboa ukuta na kupitisha bomba la bati hadi nje. Mashine ya kupima hewa hatukuwa nayo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole wa sura lakini mkorofi wa maswali, akashauri tutundike kitambaa cheupe jikoni wiki moja kabla ya jiko na kingine wiki moja baada yake. Cha kwanza kilitoka cheusi kama kitako cha sufuria. Cha pili ungeweza kufutia uso. Maofisa wa wilaya walikuja kupiga picha, nami nikajipanga katikati kabisa.

Mwezi wa kumi tulirudi kuona linavyofanya kazi. Kabla hatujapiga hodi moshi ulitupokea mlangoni. Mama mkubwa alikuwa ndani anakohoa. Bomba letu lilikuwa limezibwa kwa gunia lililokunjwa, na kando ya jiko mafiga matatu yamerudi mahali pake.

Nilipandwa na hasira. "Mama, watoto wamehangaika hivi, nawe unaziba? Unataka kufa?"

Alinyoosha mkono juu, akashusha hindi moja lililoning'inia kwenye boriti, akaligonga juu ya kiganja chake. Ukadondoka unga. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, walikuwa wamelimaliza kwa ndani.

Mbegu yake yote ya mwaka ilikuwa imetundikwa juu ya moto, na moshi ndio uliokuwa mlinzi wake. Nimekulia katika jiko lile. Yale mahindi yenye masizi niliyaona kila siku ya utoto wangu, kisha nikaenda chuo na kusahau yalitundikwa pale kwa nini. Ni mahindi mafupi yanayowahi kukomaa, hata mvua ikiwa ya kubabaisha, na dukani hayapatikani. Tangu tuutoe moshi nje, karibu nusu ilikuwa imeliwa. Wahenga wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu mbachao kwa nguvu, tena kwa ajili ya picha.

"Kifua ni changu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, maana lugha yake ni ile ya vidoko, sauti za kugonga ulimi. "Mbegu si yangu peke yangu. Mvua ikigoma, majirani wote wanakuja hapa."

Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Yule msichana akachuchumaa mbele yake. "Bibi, moshi huu unakufanyia kazi gani nyingine?"

Akawahesabia: boriti zisiliwe na mchwa, nyama ikauke, mbu wapungue. Wanafunzi waliandika. Mimi nilikalia kinu kilichopinduliwa, nikasikiliza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Walikubaliana kwamba moshi utoke jikoni, ila usitoroke bure. Nje, kwenye ukuta, wakajenga kibanda cha udongo mfano wa banda la kuku. Bomba liliingilia chini, tundu la kutokea moshi likawa juu, katikati fito za kutundikia mahindi. Mama mkubwa alikizunguka, akasema mbegu yake haiingii humo mpaka aone kwa macho. Wakajaribu kwa mahindi ya kula, kisha wakapanda punje kumi kwenye kopo. Haikuota hata moja. Joto la bomba lilikuwa limeziua. Wakarefusha bomba ili moshi upoe njiani, zikaota nne. Mawingu yalikwishaanza kujikusanya, na ile mbegu iliyobaki ilikuwa bado darini, juu ya kikohozi. Wakalirefusha tena na kulipinda, wakapanda, wakasubiri. Zikaota tisa.

Mama mkubwa aling'oa mche mmoja, akaitazama mizizi yake kwa muda. Halafu akaingia jikoni, akalichomoa gunia mwenyewe, akaanza kushusha mahindi.

Kwa watu wake, mbegu ya nyumba haipewi mgeni. Hupewa mtu ambaye nyumba imeridhika kwamba ataitunza. Siku ya kupanda aliwaita wanafunzi, akampa kila mmoja hindi moja zima kutoka kibandani. Walilipokea kwa mikono miwili. Nikanyoosha mikono na mimi.

"Wewe bado," alisema, akafunga mlango wa kibanda.

Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao. Lakini iliniuma, maana alikuwa amesema kweli.