Baba wa Golikipa

Pwaa! Mpaka leo Jerono anausikia mpira ulivyomgonga uso kule uwanjani Kanduyi. Baba yake, Kiptum, alikuwa ameendesha bodaboda yake kutoka Kitale hadi Bungoma, kisa binti yake ni golikipa wa timu ya shule. Kabla ya mechi alimwendea refa na helmeti mkononi.

“Refa, si avae hii tu?”

“Mzee, huu ni mpira, si barabara!”

“Baba, unaniaibisha bana!”

“Heri aibu. Ukiumia leo, mpira umeisha.”

Jerono alijua hatanii. Kiptum alimlea peke yake tangu mama yake afariki, na hakuna homa ya Jerono iliyowahi kumkuta amelala.

Katikati ya mechi ikapigwa penalti. Jerono akaizuia kwa uso, damu ikamtoka puani. Kiptum akaja mbio, akapiga magoti, akamfuta kwa shati lake mpaka damu ikakatika. Jerono akangoja kuambiwa waende nyumbani. Wenzake walikuwa wakiliimba jina lake. Kiptum akawasikiliza, kisha akamnong'oneza:

“Rudi golini, mama.”