Chupa Kumi na Mbili za Dão

Kwa miaka ishirini na mmoja Lusekelo Mwaipopo amewamiminia watu mvinyo katika mgahawa wa Wareno kule Stockwell, na kwa miaka yote hiyo hakuna Mtanzania hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye meza yake. Watanzania wa London, kwa maelezo yao wenyewe, hawaoni sababu ya kulipia samaki wa chumvi bei ile. Kwa hiyo Irene, binti yake wa pekee, alipochumbiwa, Lusekelo aliona nafasi imefika: awahudumie watu wake siku moja tu kama anavyowahudumia wageni, kisha agonge glasi na mwanawe kwa kinywaji anachokijua.

Kinywaji chenyewe kilikuwa mvinyo mwekundu mkavu wa Dão, wilaya ya mizabibu huko Ureno. Mwenye mgahawa aliwahi kumpeleka huko wakati wa mavuno: nyanda za juu zilizozungukwa na milima, misonobari, ukungu wa asubuhi, mizabibu iliyong'ang'ania mawe. Lusekelo, mzaliwa wa Tukuyu, alijiona kama yuko kwao, isipokuwa huko hakuna aliyemuuliza atajenga lini.

Lakini sherehe ya Kitanzania haiandaliwi na baba. Inaandaliwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati hii alikuwa Gaudensia, nesi wa Croydon, aliyeendesha vikao kama anavyoendesha wodi. Katika kikao cha tisa mjumbe mmoja aliuliza kama mvinyo huo ni mtamu. Lusekelo akaeleza kwamba una ukakasi kidogo, wa zambarau, na harufu ya maua kwa mbali. Mjumbe akauliza kama ukitiwa soda hautakuwa mtamu. Kikao kikaahirishwa. Katika cha kumi na moja wakamruhusu chupa kumi na mbili, moja kila meza pamoja na meza kuu, kwa sharti kwamba soda isipungue.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kukodi Tottenham. Mvinyo wa Dão uliokaa miaka haupendi kuharakishwa. Hufunguliwa mapema upate hewa, ukakasi ulegee. Basi Lusekelo akajifungia jikoni, akazibua chupa zote kumi na mbili, akazipanga kwenye meza za ukumbini saa nzima kabla ya wageni. Aliifanya kazi ile kwa ustadi wake wote, na hapo ndipo alipokosea.

Maana Mtanzania hanywi chupa iliyofunguliwa yeye hayupo. Hata soda huletwa na kizibo chake, ikafunguliwa mbele ya macho yake. Lusekelo alilijua hilo tangu utoto. Wareno walikuwa wamemsahaulisha. Wageni waliketi, wakazitazama chupa, wakatazamana. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliisogeza ya kwao hadi katikati ya meza kwa kidole kimoja. Meza ya tano waliifunika kwa kitambaa, kama maiti.

Gaudensia akamfuata jikoni.

"Baba Irene, chupa zile nani kafungua?"

"Mimi."

"Mbele ya nani?"

"Mwenyekiti, mvinyo huu lazima upumue."

"Upumue, sawa. Ila wageni wako ndio wamebana pumzi."

Aliyepata suluhu ni mkwe wake, Mzee Francis, baba wa bwana harusi, Mchaga wa Marangu. Kwao mwenye pombe huionja kwanza mbele ya watu. "Onja, mkwe," alisema. "Ukibaki umesimama, tutakunywa." Lusekelo akaonja, akabaki amesimama. Mzee Francis akaona ni haki meza nyingine nazo zioneshwe, kwa kuwa chupa moja haiwezi kuidhamini nyingine.

Hivyo akazunguka meza kwa meza. Kazini mwonjaji hutema. Hapa kutema kungefunga mjadala. Kila meza walimkodolea macho kwa dakika nzima, wakajimiminia, wakakunja nyuso, wakaomba Koka. Meza ya saba walimtaka arudie kwa sababu wawili walikuwa kwenye simu. Kufikia meza ya kumi alikuwa anamweleza habari za milima ya Dão mtu aliyekuwa akitafuta choo.

Alikuwa meza ya kumi na moja MC alipotangaza kugonga glasi na maharusi. Lusekelo akatazama meza kuu. Hapakuwa na chupa. Gaudensia alikuwa ameimwaga kwenye sinki.

"Haikuonjwa," alimwambia. "Bibi harusi yuko mikononi mwangu. Na ungeweza kuanzia meza kuu."

Ni kweli angeweza. Ila mhudumu huanza na wageni, watu wa nyumbani baadaye. Alizunguka tena ukumbi kutafuta japo mabaki. Hapakuwa na chupa wala glasi iliyosalimika na Koka. Meza ya kumi na moja walikuwa wameimimina chupa nzima kwenye jagi, pamoja na Koka lita mbili na barafu.

MC aliita tena. Lusekelo akalibeba jagi.

Irene aligonga glasi na baba yake, akanywa, kisha akamwambia kwa Kiingereza kwamba kinywaji ni kizuri ajabu, na ni kwa nini miaka yote hii alikuwa akiwanyima. Akanyoosha glasi aongezwe.

Lusekelo akaweka mkono wa kushoto mgongoni, akainama kidogo, akammiminia bila kumwaga tone.