Saa Nane Kasoro Dakika Thelathini

Baba yangu ni fundi saa mjini Muyinga. Ukutani, juu ya meza yake, kuna msumari uliobaki mtupu tangu saa ya babu ilipokufa kabisa. Likizo ile alipotuambia, mimi na mwenzangu, tumtengenezee saa ya kisasa ya kutundika pale, nilijua anasema na mimi. Mwenzangu alikuwepo tu, kama kawaida yake.

Tulikuwa tunasoma kompyuta pamoja Gitega na tunalala chumba kimoja. Wazazi wake ni wakulima wa Giteranyi waliorudi kutoka Tanzania. Yeye alikulia huko, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Siku ya kwanza kuingia dukani alisema, "Shikamoo, baba." Kwetu hatuna mazoea hayo. Baba aliweka chini kibano chake, akacheka kwa furaha, akamwambia yeye ni mtoto wake. Mimi nimekulia duka lile, sijawahi kuwekewa kibano chini.

Tulikubaliana kila mmoja atengeneze yake, baba achague. Vifaa vyetu vilifanana: kibao kidogo cha umeme, kioo cha kuandikia maneno, na programu ya C inayohesabu dakika tangu alfajiri. Kazi ilikuwa kuzigawanya dakika hizo kwa sitini. Mimi nilitumia amri iitwayo fmod, ambayo inaondoa saa zote zilizotimia na kukuachia kilichosalia. Dakika mia moja na tano zinakuachia arobaini na tano, na kioo changu kikaandika: saa moja dakika arobaini na tano. Safi, bila ubishi.

Yeye alitumia amri nyingine, remainder. Hiyo haitafuti saa iliyotimia, inatafuta saa iliyo karibu zaidi, na kama iko mbele inakupa namba hasi. Kwa dakika zilezile ilimpa hasi kumi na tano. Nilicheka. Nani anataka dakika hasi? Lakini alama ile ya kutoa aliigeuza neno, na kioo chake kikaandika: saa mbili kasoro robo.

Baba alikisoma kwa sauti, akarudia.

"Eh! Hii iko inasema sawa mutu," alisema kwa Kiswahili chetu cha Muyinga, ambacho "sawa" ni "kama", kisha akanigeukia mimi bintiye. "Yako, mama, iko inasema sawa redio."

Roho iliniuma. Sitalipamba neno: nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Saa za Kiswahili nilizijua kabla yake, kwa baba huyuhuyu, na kasoro robo nimeisikia tangu nikiwa mgongoni. Kwa nini liwe wazo lake?

Kesho yake nikakaa na maelezo ya remainder, nayasoma mstari kwa mstari, natafuta tundu. Nikalipata. Namba ikiwa katikati kabisa, kati ya saa moja na inayofuata, remainder inakwenda kwenye ile isiyo witiri, yaani inayogawanyika kwa mbili. Saa nane na nusu inarudi kwenye nane, na kioo kinasema sawasawa. Lakini saba na nusu nayo inakimbilia nane. Yeye alikuwa amejaribu nane na nusu tu.

Mchana ule nilimwalika baba mbele ya kioo cha mwenzangu kama ninamwalika harusini. Dakika ikafika. Kioo kikaandika: saa nane kasoro dakika thelathini.

"Nani anasema hivyo?" niliuliza kwa sauti, na mteja mmoja akageuka. "Muyinga nzima, nani?"

Mwenzangu aliziba mdomo kwa mkono. Nikaeleza yote, taratibu, kwa raha zangu. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Voilà," alisema. "We ndiye unajua mahali iko mugonjwa. Basi iponye, tuiweke pale juu."

"Ipi, baba?"

"Hii ya mwenzako."

"Na yangu?"

"Yako iko muzima, mama. Lakini haisemi sawa sisi."

Niliiponya. Ilikuwa mistari michache tu: ikitokea hasi thelathini kamili, rudisha saa moja nyuma, andika "na nusu". Mwenzangu alinikumbatia, akasema, "Ahsante, dada, ungeniacha ningeaibika." Angenitukana ningepumua vizuri zaidi.

Hadi leo, nikirudi kutoka Gitega, nakuta saa yake iko msumarini na baba anawaambia wateja kuwa mtoto wake wa Giteranyi ndiye aliyeitengeneza. Mimi nakaa kwenye kiti cha wateja. Ikikaribia saba na nusu, nainua macho. Inaandika: saa saba na nusu. Mteja anaisoma na kwenda zake, maana kosa halipo tena, na kosa lile, nililoligundua mimi, ndilo lililokuwa kitu changu pekee kwenye ukuta wa baba.