Fungu la Barabara la Bi Tokie

Kitongoji cha Kamiyasu kina barabara moja tu. Inapanda mlimani ikipindapinda kati ya majaruba ya mpunga mpaka nyumba ya mwisho. Kila nyumba ina fungu lake la kufyeka, upande wa juu na wa chini wa barabara, mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za mwezi wa sita, na kabla ya sikukuu ya wafu mwezi wa nane. Bi Tokie aliletwa pale akiwa bibi harusi, akakabidhiwa mundu kabla hajaonyeshwa jiko, na tangu siku hiyo hakuna aliyelisema vibaya fungu la nyumba yao.

Kuna miaka lilikuwa likija gari la kupuliza dawa ya kuua magugu. Aliyelipiga vita ni mumewe, Mzee Yasukichi, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Aliwaambia wenzake kwamba majani ndiyo yanayoushika ukingo, na ukiua mizizi unabaki na udongo unaosubiri mvua. Walimcheka wee, mpaka ukingo wa kona ya juu ulipoporomoka na kuzika jaruba zima. Hapo wakakata shauri: dawa basi, tutafyeka wenyewe. Yasukichi alijivunia shauri hilo kuliko mavuno yake yote.

Alikufa wakati wa theluji. Theluji ilipoyeyuka na majani kuota, mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Hirobe, alikuja akaketi barazani kwa mjane.

"Bi Tokie, safari hii pumzika. Fungu lako tutagawana. Wewe tuletee chai tu."

"Nani kakwambia naumwa?"

"Hakuna aliyesema. Ila bega hilo..."

"Bega langu liko palepale lilipo, mwenyekiti. Kunywa chai yako."

Hirobe alicheka, akanywa, akaondoka. Alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo iliyomchoma Bi Tokie. Alijua mambo ya pale yanavyokwenda. Wanaanza kukufyekea, kisha wanakuletea chakula, kisha wanaanza kuulizana nyumba atabaki nayo nani. Aliwaona wengine wakifanyiwa hivyo kwa tabasamu, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotabasamu.

Akachukua mundu akashuka barabarani. Mkono wa kulia ulikataa kupanda juu ya kifua. Alifyeka kwa wa kushoto mpaka jua likawa utosini, na alichopata hakikuzidi ukubwa wa mkeka. Akakaa kwenye lami akalia kwa hasira.

Wiki hiyohiyo alipanda basi mpaka mji wa mbali, kwenye duka ambalo hakuna aliyemjua, akanunua dawa na bomba dogo la kupulizia. Alingoja saa ya chakula cha mchana, watu wote wamejifungia na mafeni yao. Kabla ya kutoka alipita mbele ya kabati dogo la kuwakumbukia wafu wa nyumba, ambamo picha ya mumewe ilikuwa ikimtazama, akafunga vilango vyake.

"Usiniangalie," alisema.

Akapuliza fungu zima, na upande wa chini, usioonekana barabarani, akaupuliza mara mbili.

Majani yalipokauka aliyakusanya kwa reki, akayarundika vizuri kama yaliyofyekwa. Siku ya kazi ilipofika, watu walisimama mbele ya fungu lake wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Wakati wa kula matonge ya wali na plamu za chumvi, Teruo, ambaye pale bado anaitwa kijana, akalalamika kwamba watu wamepungua, heri dawa irudi.

"Teruo, una umri gani?" Hirobe akamuuliza.

"Hamsini na mbili."

"Mjane mwenye bega bovu kafyeka peke yake kwa mundu. Wewe una mashine ya kufyekea, unalialia. Huoni haya?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Isaburo, jirani ambaye fungu lake limepakana na la Bi Tokie, alikuwa amefungua mdomo kusema jambo. Akacheka na wenzake, akajifuta jasho, hakusema. Bi Tokie alikuwa akimimina chai ya shayiri. Neno moja tu lilihitajika, na hakulisema. Sifa ilikuwa tamu, nani abishe.

Mvua zikaja. Mafungu ya wengine yalirudi kijani, lake likabaki udongo mwekundu mtupu. Alitandaza majani makavu ya mpunga kuficha nyufa, na kila asubuhi alijiahidi kwenda kwa Hirobe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, naye aliendelea kuficha.

Mwezi wa nane, siku chache kabla ya kazi, Mzee Isaburo alianza kufyeka mapema, peke yake. Alikuwa amevuka themanini na hakutaka siku ya kazi aonekane wa mwisho. Bi Tokie alikuwa akisikia mashine yake kutoka jikoni, ikinguruma, ikipumzika, ikinguruma tena. Halafu ikalia vibaya na haikunyamaza.

Alimkuta chini, ndani ya mtaro wa zege, mashine juu ya mapaja yake bado inazunguka. Aliizima. Gari la wagonjwa lilipofika, mzee alikuwa ameshakwisha. Pale juu, nyayo zake zilionekana wazi. Alivuka mpaka, akakanyaga upande wa Bi Tokie, kwa kuwa hapakuwa na majani ya kumtega miguu, na udongo ukamkatikia.

Baada ya mazishi walikutana ukumbini. Mjane wa Isaburo, Bi Sumie, alikuwepo, mikono mapajani. Teruo alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya.

"Shauri la Mzee Yasukichi lilifaa tulipokuwa na nguvu. Sasa kufyeka kumetuulia mtu. Turudishe dawa."

Vichwa vikaanza kuitikia, kimoja baada ya kingine. Bi Tokie alisikia jina la mumewe likitupwa jalalani kwa kosa lisilo lake, na hapo ndipo aliposhindwa kuficha tena.

"Si kufyeka," alisema. "Sikufyeka mimi. Nilipuliza dawa. Ukingo ule niliuua mimi."

Hakuna aliyempigia kelele. Hirobe alitazama mkeka. Kisha Bi Sumie akageuka, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya tofu.

"Mume wangu alitaka kukufuata, dada. Tangu theluji iyeyuke. Alisema, nitamwambia Tokie twende pamoja kwa mwenyekiti tuombe kusaidiwa, nisione haya peke yangu. Aliposikia umefyeka mwenyewe, akasema basi, mimi mwanamume nitaombaje? Ungesema tu. Ninyi wote wawili wangewafyekea."

Bi Tokie aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, ukumbi ulikuwa mtupu na mtu alikuwa amezima taa za upande wa pili. Habari ya kurudisha dawa haikutajwa tena.

Siku ya kazi walikuja na mashine. Walifyeka kona, wakafyeka fungu la marehemu, wakafika kwake. Hapakuwa na cha kufyeka. Waligonga vigingi kwenye ukingo, wakafunga mianzi, wakatandika mapande ya nyasi waliyochimbua kwenye mafungu yao wenyewe. Hakuna aliyemwomba ruhusa, wala hakuna aliyemuuliza neno.

Alileta chai. Bi Sumie alipokea kikombe chake kwa mikono miwili, akainama vizuri, akasema asante sana kwa wema wako, kwa lugha ya adabu ambayo watu wa Kamiyasu huwawekea wageni wanaopita. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakishukuru vilevile.