Chungwa Mfongoni

Kabla sijafika kwenye mfongo niseme kwanza habari ya gereji, maana nikiiacha itanisumbua. Nikiwa kijana, shule nimeiacha darasa la nne, niliteremka Moshi mjini kuosha spana kwa Singasinga mmoja. Fundi mzuri, ila hasira zilikuwa karibu. Mama yake alikaa mlangoni juu ya tairi, anamenya vitunguu swaumu, hana habari na mtu. Gari likiingia, kabla halijazimwa, anasema bila kuinua macho: "Hii naumwa plagi ya tatu." Mwanawe anafungua, anakuta plagi ya tatu.

Sisi waosha spana tuliambizana yule bibi ana mambo yake. Mwanawe akijua, ni fundi. Mama akijua, ni mchawi. Nilimwona kwa macho yangu miaka miwili mizima, nikarudi kwetu Masama sijajifunza kitu ila kula pilipili.

Huku juu nikaoa, nikalima kahawa, bei ikapanda ikashuka, hadithi hiyo kila mtu anayo. Nilipoota mvi wakanipa mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa maji, babu zetu waliuchimba kutoka mtoni, unapita kihamba hadi kihamba, ndiyo mashamba yetu ya nyumbani, ukinywesha migomba. Mzee wa mfongo ndiye anayegawa zamu. Aliyenitangulia aliniachia jembe na sheria moja: mwanamke hakanyagi banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Nilipomwuliza kwa nini, akasema maji yataona aibu. Maji! Na mimi nikaishika sheria hiyo miaka yote, siku nyingine kwa ukali.

Nyumbani tulikuwa na mjukuu. Mama yake anauza mahindi Himo, kwa hiyo walezi ni mimi na bibi yake. Alipomaliza kidato cha pili alileta karatasi ya shule ya kuchagua masomo, mlezi atie sahihi kabla ya Ijumaa. Yeye alishajaza sayansi.

"Fizikia itakupasua kichwa," nikamwambia. "Hiyo ni ya wavulana."

Asubuhi nikinyanyua kikombe cha chai, karatasi iko chini yake. Namrudishia. Kesho yake iko palepale, ina duara la chai juu ya duara la jana. Mtoto mwenye heshima kabisa, lakini kichwa cha bibi yake.

Basi, siku hizohizo maji yalikuwa yanapotea. Watu wa chini wakaja kunilalamikia. Mimi sikuhangaika kutafuta. Nilimtaja mjane ambaye kihamba chake kinapakana na changu kwa chini. Nikasema anafungua maji wakati si zamu yake. Nikamnyima zamu mbili.

"Shemeji," akaniambia, "hayo maji unayosema naiba, nionyeshe basi, na mimi niyaone."

Nikampa mgongo. Migomba yake ilikuwa imeanza kukunja majani. Yangu ilikuwa imenawiri kama ya harusi, na kila aliyepita nilimwambia siri ni samadi.

Jumatano ofisi ya maji wakatuletea mtu. Gari likasimama, akashuka mama kijana mwenye mabuti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mhandisi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Nikachungulia ndani ya gari, labda mwingine amesinzia. Hakuna. Mjukuu wangu, ambaye alikuwa amenifuata bila kuitwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Tulipopanda hadi banioni nikamsimamisha yule mama, nikamweleza sheria. Nilidhani atakasirika. Naye ni mzaliwa wa mlimani hukuhuku, alizijua habari hizi.

"Sawa, baba. Kama maji yanatuonea aibu, mimi na huyu binti tutakaa huku chini kidogo. Wewe utakuwa mguu wangu." Akatoa chungwa mfukoni. Nikajua njaa imemshika. "Liweke majini nikikuambia."

Nikalirusha.

"Babu, si jiwe hilo!" mjukuu akapiga kelele. "Liweke tu, litaondoka lenyewe!"

Kupima kwenyewe ndiko huko. Chungwa linaelea toka alama hadi alama, mjukuu anaangalia saa ya simu, yule mama anapima upana na kina kwa fimbo, wanaandika. Halafu tunateremka, tunarudia. Njiani nikamwuliza nani alimfundisha mambo haya. Akasema kidato cha kwanza walikuwa na mwalimu wa fizikia, mama mmoja, aliingia darasani siku ya kwanza na mtoto mgongoni, akaandika ubaoni mtoto akiwa amelala. "Wasichana tulikuwa tumekaa nyuma. Siku hiyo tukahamia mbele." Mjukuu wangu aliacha kuandika akamtazama, na mimi nikamwona akimtazama.

Tukapima panapoingia kihamba changu. Tukapima panapotoka. Yule mama akampa binti kalamu amalize hesabu mwenyewe. Majirani walishajaa, na mjane akiwemo, mikono kiunoni.

"Babu," mjukuu akasema polepole, "yanaingia kwetu mengi, yanatoka nusu."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Nusu ileile. Yule mama akashuka ukingoni akasukuma fimbo kwenye nyasi, ikazama yote. Fuko walikuwa wamechimba matundu ukingo mzima, maji yanaingia chini kwa chini kwenye migomba yangu. Mwizi ni mimi.

"Samadi!" jirani mmoja akasema, watu wakavunjika mbavu.

Mimi ulimi ulikuwa mzito, lakini kushukuru ni lazima. Nikavua kofia nikamwambia yule mhandisi, "Aika mbe."

Kicheko kikaanza upya. Kwetu mwanaume unamshukuru kwa aika mbe, mwanamke kwa aika mae. Hata mtoto mdogo hakosei. Lakini mafundi wote niliowahi kuwashukuru pale mfongoni walikuwa wanaume, ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Babu, ni mae!" mjukuu akaninong'oneza, machozi ya kucheka yakimtoka.

"Nimepokea yote mawili," yule mama akasema.

Kesho yake nilikata jani la isale, nikampelekea mjane. Isale ndilo jani letu la kuomba msamaha, ukiletewa hukatai. Alilipokea, akaligeuza huku na huku.

"Nimekusamehe, shemeji. Ila zamu zangu mbili nazitaka." Akapata.

Ijumaa asubuhi nikanyanyua kikombe. Karatasi ipo, haina hata nafasi ya duara jingine. Nikaomba kalamu. Jina langu mimi huliandika taratibu, herufi moja moja, na mjukuu alisimama begani pangu amezuia pumzi mpaka ya mwisho.

"Aika mae," nikamwambia, kwa kuwa yeye ndiye aliyenitoa gizani, na hilo safari hii sikulikosea.

Jumamosi wenye mfongo walikutana juu kupima tena, maana matundu tulishayaziba. Nilifika na jembe langu. Mjane alikuwa ameshika kamba, mjukuu ameshika chungwa, wote wawili wamesimama chini ya banio wananisubiri mimi, mguu wao. Nikawaambia wapande. Wakaangaliana. Wakapanda. Mjukuu akainama akaliweka chungwa majini, taratibu, na maji yakalichukua kama ambavyo yangelichukua la mtu yeyote.

Nikamwachia mjane jembe, zamu agawe yeye. Nikateremka zangu kati ya migomba. Banioni sijarudi tena.