Thelathini Haina Mzazi

Baba yangu alifundisha hesabu Bukavu. Hapa Brussels anawaogesha wazee wa Kibelgiji huko Evere. Jumamosi mchana walimu wa zamani wa Kivu hukutana nyuma ya saluni moja ya mtaa wa Matonge, na mwezi ule walikuwa wakitafuta wa kuwafundisha watoto wetu hesabu. Baba aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Alitaka aitwe mwalimu tena, hata mara moja kwa wiki.

Wana sheria waliyotoka nayo nyumbani: anayegundua kosa hufuta ubao kwa kiganja, na aliyekosea hubaki amesimama mpaka kikao kiishe.

Jumamosi ya kujaribiwa kwake nilimsindikiza, naye akaandika ubaoni 2, 3, 6. Jumla kumi na moja. Na nusu, theluthi na sudusi zinatimia moja kamili. "Hii ndiyo mama," akasema. Akazidisha kila namba mara mbili, akaongeza 2: 2, 4, 6, 12. Jumla ishirini na nne, na visehemu vyake, nusu, robo, sudusi na moja ya kumi na mbili, vinatimia moja vilevile. Akarudia, akapata hamsini.

"Donc, bila kurudilia namba, kati ya onze na cinquante iko moja tu, vingt-quatre. Kila kundi liko na muzazi." Yaani kati ya kumi na moja na hamsini, ni ishirini na nne tu.

Maofisa wa uhamiaji wa hapa walimuuliza ukoo wake miaka mingi mno. Hakuwaza tena kwamba kitu kinaweza kuwepo bila ukoo.

Kosa nililiona tangu Jumanne, alipofanya mazoezi mezani mbele yangu. Nilinyamaza. Nilijiambia nataka kujua kama wazee hawa wanafikiri au wanapiga makofi tu. Walipiga makofi.

"Papa, na trente, thelathini?" nikauliza.

"Trente haiko na muzazi."

"Lakini iko."

Nikaandika 2, 3, 10, 15. Mzee mmoja, dereva wa basi, alijumlisha visehemu kwa sauti mpaka vikatimia moja, kisha akaangua kicheko. "Eh, mwalimu! Mutoto amekutahiri!"

Nikafuta ubao.

"Ulijua tangu siku gani?" baba akauliza.

"Mardi," nikasema. Jumanne.

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyopokea jibu sahihi.

"Bon, wewe ndiye utafundisha," dereva akaniambia.

Ningeweza kukataa. Niliuliza tutaanza saa ngapi. Wazee wakatazamana, aliyejua ni baba peke yake, maana ratiba alikuwa ameshaipanga.

"Quatorze heures," akasema, saa nane mchana, akiwa bado amesimama. Kikao kilikuwa kimebakiza saa nzima.