Trekta Lililolala na Ng'ombe

Siku ya kwanza kazini niliua betri. Karakana yetu ilikuwa Katesh, na upepo ulioshuka kutoka mlimani asubuhi ile ungeweza kumnyoa mbuzi ndevu. Fundi Mkuu, mtu mwembamba wa Kondoa ambaye hakuvua kofia yake hata jua likiwaka, alinionyesha trekta dogo la silinda mbili akasema, "Liwashe." Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya watu wazima, kichwa kimejaa majina ya vyuma, mikono haijui kitu. Nikageuza ufunguo, nikaushikilia. Stata ikalia, ikalia, ikaanza kuguna kama mzee anayepanda kilima na gunia, halafu ikanyamaza.

"Mtu amelala, wewe unamwamsha kwa makofi," Fundi Mkuu akasema. "Ataamka vipi?"

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba. Sasa njoo ufundishwe."

Nilichofundishwa siku hiyo ndicho kilichonilisha maisha yangu yote, kwa hiyo nakieleza. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Pistoni inapanda, inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe inapata moto, kisha nozeli inanyunyiza dizeli kama ukungu, nayo inalipuka. Asubuhi ya baridi chuma kinauiba ule moto kabla dizeli haijafika. Ndiyo maana zikawekwa hita, vijiti vidogo vinavyochungulia ndani. Ukigeuza ufunguo nusu, vinawaka vyekundu. Lakini lazima uvipe muda.

"Muda gani, Fundi?"

"Mimi nasoma Alhamdu, taratibu. Wewe Mkristo, sali Baba Yetu. Na usirukie Amina."

Kipimo hicho sijawahi kukiacha. Nawaambia pia, na mniamini, kwamba madereva wa Kilutheri waliwasha vizuri kuliko sisi Wakatoliki, kwa sababu sala yao ina kipande cha ziada mwishoni, na kipande kile ndicho hita inachokitaka. Nilipomweleza padre wetu, alisema basi nasi tujaribu rozari nzima.

Baada ya Katesh nilipelekwa Balangdalalu. Kule adui hakuwa baridi, alikuwa vumbi. Vumbi la huko huingia hata ndani ya yai. Meneja wa Mashamba, mama mnene mwenye sauti ya filimbi, alikuwa akipita kila trekta likirudi jioni, anafungua bakuli la oili lililo chini ya kichuja hewa, anachovya kidole. Oili ile kazi yake ni kunasa vumbi kabla halijaingia kwenye injini. Kidole kikitoka na tope, dereva haendi kula mpaka alisafishe. "Hili linakula hewa kabla ya kula dizeli," alizoea kusema. "Wewe ungependa ugali wenye mchanga?" Chini yake nilijifunza usafi kuliko nilivyojifunza kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa akifagia mpaka njia ya majirani.

Halafu nikapandishwa Mbulu, juu kabisa, kule ambako ukimwaga chai inakuwa baridi kabla haijagusa ardhi. Meneja wa Kituo alinipokea akiwa amejifunga mablanketi mawili. Alikuwa mtu mpole, hakupenda kutoa habari mbaya, kwa hiyo alizitoa haraka.

"Kuna kikundi cha wakulima bondeni wana trekta dogo. Asubuhi haliwaki. Afisa Zana wa Wilaya anasema lishushwe Balangdalalu, kule joto lipo, lifanye kazi. Atakuja keshokutwa asubuhi aone mwenyewe. Likikataa, linapakiwa."

"Na wenyewe watalimia nini?"

"Hapo ndipo pagumu. Ng'ombe wao wa kulima wameisha kwa ndigana."

Ndigana ni homa inayoletwa na kupe, na mwaka ule iliwapitia vibaya. Walibaki majike wachache wa maziwa na ndama. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshadondoka. Trekta likiondoka wiki ile, watu wale wangerudi kwenye jembe la mkono katika udongo mzito kama ugali wa jana, na nusu ya mashamba yangebaki na magugu.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Martha, mjane, mrefu, mwenye maneno machache kama mtu anayeyanunua. Nikafungua injini mbele yake. Ringi zilikuwa zimekwisha. Ringi ni zile pete za chuma kwenye pistoni zinazozuia hewa isivuje inapobanwa. Zikichakaa, hewa inatoroka pembeni, moto haupatikani. Mchana chuma kikipata joto kidogo injini inajikongoja, asubuhi inagoma.

"Nani alikuwa analiwasha?"

"Vijana," akasema Mama Martha. "Walikuwa wanalinusisha petroli."

Nikajua. Unalowesha kitambaa kwa petroli, unakiweka mdomoni mwa kichuja hewa, injini inavuta ule mvuke na kulipuka kwa kishindo. Inawaka, ndiyo, lakini kila kishindo kinazimeng'enya ringi. Na ikishazoea haikubali tena kuamka bila harufu ile. Ni kama mlevi na pombe ya asubuhi.

"Ringi mpya zitatoka Arusha, wiki mbili au zaidi," nikamwambia. "Mama, kwa keshokutwa sina dawa. Wengine huwasha moto wa magunzi chini ya injini, lakini nimeona trekta lililoungua hivyo mpaka matairi."

Mama Martha akauliza, "Ndama akizaliwa usiku wa baridi, sisi tunamweka wapi?"

"Ndani, na ng'ombe."

"Basi."

Wasiotoka kwetu nawaeleza: katika nyumba zetu za zamani ng'ombe hulala ndani, upande wao, na watu upande wao. Usiku wale wanyama wanapumua, wanacheua, na nyumba inakuwa na joto kama mfuko wa koti. Mama Martha bado alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Tatizo lilikuwa mlango. Ng'ombe hupita, trekta halipiti hata likivuta tumbo.

Kesho yake mchana nilimkuta na sururu mkononi, anabomoa ukuta wa nyumba yake. Majirani walikuwa wamesimama.

"Mama Martha, mvua hiyo itaingia," mzee mmoja akamwambia.

"Itaingia."

"Na chui je?"

"Chui akiona lile litaa kubwa la trekta atadhani ni mume wangu amerudi."

Watu wakacheka, wakachukua sururu nyingine. Jioni, injini nimeshaifunga tena, tukalisukuma trekta ndani, nikaziba mdomo wa kichuja hewa kwa kitambaa kisafi ili makapi yasiingie, tukafunga tundu kwa turubai. Majike walikataa kwanza, wakaligeuzia makalio. Baadaye yule mkubwa alilala ameegemea tairi la nyuma.

Asubuhi Afisa Zana akafika. Kijana wa Pwani, mhandisi wa chuo, koti lake jembamba la mjini, meno yakigongana. Akatuamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, kisha akauliza trekta liko wapi.

"Limelala ndani," Mama Martha akasema.

"Ndani wapi?"

"Na ng'ombe."

Alichungulia kwenye turubai. Nilidhani ataudhika. Akavua glavu, akaweka kiganja kwenye injini. "Lina joto," akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Tukalitoa kwa kulisukuma kinyumenyume. Ukuta uliobomoka ulikuwa umeacha kizingiti cha mawe, ikabidi tuliinue, likainama sana kwa mbele. Likafika uani. Nikaondoa kitambaa, nikageuza ufunguo nusu, nikasali Baba Yetu pamoja na kipande cha Kilutheri, maana siku hiyo sikuchagua dhehebu. Nikawasha. Stata ilizunguka vizuri, injini ikakohoa mara moja, ikafa. Nikarudia. Haikukohoa hata kidogo. Moshi mweupe wenyewe haukutoka.

Uso wa Mama Martha haukubadilika, ila alikuwa ameshika mkono wa mzee yule wa chui, na mzee alikuwa anaumia. Bwana Afisa akatazama saa. Nikarudia tena, na betri ikaanza kuguna kwa sauti niliyoifahamu.

"Acha," akasema. "Acha kuizungusha, unaiua betri. Moshi hautoki, maana yake dizeli haifiki. Tangi lina kiasi gani?"

"Kidogo, Bwana Afisa."

"Na mmeliinamisha pale kwenye mawe. Limevuta hewa. Nipe spana."

Nami nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo, angalau ndivyo ninavyowaambia wajukuu. Alipiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe na suruali yake ya ofisini, akalegeza nati ya filta, akasukuma kijipampu cha mkono. Kwanza yakatoka mapovu, kisha dizeli safi ikamchuruzikia kwenye mkono wa koti. Akakaza. Akalegeza na nati za nozeli, akaniashiria nizungushe kidogo, akakaza tena. Halafu akaniondoa kwenye kiti, akapanda mwenyewe. Akageuza ufunguo nusu. Sijui alisali nini, midomo ilitembea. Akawasha.

Injini ikashika. Ilitikisika, ikatoa moshi wa kuficha kanisa, ikatulia kwenye ule mlio wa tuku-tuku-tuku ambao kwangu ni bora kuliko kwaya. Majike wakatimka hadi kwa jirani.

Mama Martha akamsogelea, akapandisha sauti juu ya injini. "Mwanangu, umeliwasha kwa mkono wako. Sasa utalichukuaje?"

Kijana yule alitazama koti lake, akatazama ukuta. "Mama, ukuta huu mmeubomoa lini?"

"Jana."

Akashuka bila kulizima. "Likae," akaniambia mimi, si Mama Martha. "Ringi zikifika, ufunge siku hiyo hiyo. Na petroli nisiisikie hapa." Kisha akaomba maji ya kunawa, akapewa ya moto, na uji pia.

Walilima mpaka mvua ikawafukuza shambani. Ringi zilikuja, nikazifunga, na trekta likawa linawaka uani kama matrekta mengine.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Gehandu, vijana wananipigia simu na kuniwekea mlio wa injini sikioni nitambue ugonjwa. Nawajibu yale yale: oili, maji, hewa, dizeli, subira. Hayo yanatosha kwa injini. Lakini wakiniuliza trekta gani lilidumu kuliko yote niliyoyashika, si lile lililokuwa na fundi hodari. Ni la Mama Martha. Mwaka jana nilipita kumsalimu. Ukuta hakuuziba kamwe. Ameweka mlango wa mbao, mpana, wa pande mbili. Nikamuuliza kwa nini, na ringi ni nzima.

"Majike wamelizoea," akasema. "Likilala nje hawatoi maziwa."